Mfumuaji Naye ni Fundi

Kwa kawaida fundi husifiwa kwa alichoshona, si kwa alichofumua. Ndani ya seli kipimo hicho hakifai. RNA ni uzi wa herufi nne, A, U, G na C, na aina zake nyingi hazifanyi kazi mpaka zijikunje zikapata umbo. Balaa ni kwamba A huvutana na U, na G na C, popote zikutanapo; vipande visivyopaswa kushikana huwahiana, na uzi mzima ukakwama. Hapo ndipo inapoingia CYT-19, protini ya mitokondria za kuvu iitwayo Neurospora. Kwa msaada wa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, hushika mahali pafupi ambapo nyuzi zimeshikamana, huziachanisha, kisha hujiendea zake. Haikunji kitu. Kukunja huiachia RNA yenyewe, ijaribu upya.

Kuna atakayeuliza: si Thomas Cech alionyesha mwaka 1982 kwamba RNA ya Tetrahymena, kiumbe cha seli moja, hujikata na kujiunga bila protini yoyote? Alionyesha, na Nobel ya 1989, aliyoipata pamoja na Sidney Altman, ilikuwa haki yake. Lakini kuweza ni jambo moja, kuwahi ni jingine. Kwenye bomba la majaribio molekuli nyingi za RNA hiyo huishia katika umbo bovu linalokaribia kabisa kuwa sahihi: miunganiko ni ileile, ila uzi umepita upande usio wake. Kosa la namna hiyo halisahihishwi kwa kusukumasukuma. Lazima sehemu kubwa ifumuliwe kwanza, na RNA ikiachwa peke yake huchukua saa nyingi. Bomba litangoja, seli haingoji.

Pingamizi zito zaidi lilitoka maabara. Mwaka 2007 Hari Bhaskaran na Rick Russell walionyesha kwamba CYT-19 hufumua hata RNA iliyokunjika vizuri. Ufundi gani huo usiotofautisha kizuri na kibovu, tena unaochoma ATP bure? Jibu limo katika uimara: umbo lililojifunga barabara hufumuliwa kwa nadra, lililolegea hufumuliwa tena na tena, na kila mara hupata nafasi nyingine. Upofu huo, kwa maoni yangu, ndio utajiri wake, kwani asiyefungwa na ruwaza moja huweza kuhudumia nyingi. Hamira iliyopungukiwa na protini yake ya aina hiyo, Mss116, hushindwa kukata vizuri introni za mitokondria, yaani vipande vya RNA vinavyopaswa kuondolewa. Ilipopewa CYT-19 ya Neurospora, kasoro hizo zilipungua, nyingine zikaisha kabisa.