Hojaji ya mguu: tafsiri sahihi, kipimo kibovu

ANAYETEGUKA kifundo cha mguu uwanjani, au akaangushwa na bodaboda, hupigwa eksirei. Picha ile huonyesha mfupa. Haisemi kama mwenye mfupa ataweza kupanda ngazi. Ndiyo maana wataalamu wa tiba ya viungo humpa mgonjwa hojaji ajieleze mwenyewe. Mojawapo ya zinazotumiwa sana ni LEFS, iliyochapishwa na Binkley na wenzake mwaka wa 1999. Ina maswali 20, kila moja likiwa na alama 0 hadi 4. Anayefikisha 80 hana tatizo la mguu. Waundaji wake walikadiria kwamba alama zikipanda au kushuka kwa 9, hapo pana badiliko la kweli.

Msomaji, ishike hiyo 9.

Sasa hebu tuilete hojaji kwa Kiswahili. Swali moja linahusu kuingia na kutoka katika bafu la kulalia. Anayeoga kwa ndoo atajibu nini? Chaguo la chini kabisa limefunga mambo mawili pamoja: kupata ugumu uliokithiri, au kutoweza kabisa. Akitia alama hapo kwa kuwa hana bafu la aina hiyo, amepoteza alama 4 na mguu wake hauhusiki hata kidogo. Swali jingine linauliza kuhusu umbali unaopimwa kwa vipande vya mitaa ya miji ya Marekani. Mtafsiri mvivu ataandika "bloku mbili". Bloku zipi, za kujengea? Alama 4 nyingine hizo ziko hatarini. Tumefika 8, na bado hatujagusa swali la kuruka kwa mguu mmoja, ambalo wengine wataandika "kuruka" tu na kumwacha mgonjwa aamue mwenyewe ni kuruka kupi.

Kinachoniudhi ni kwamba makosa haya hupita mtihani. Desturi ni kuirejesha tafsiri katika Kiingereza na kuilinganisha na matini asilia. "Bloku mbili" itarudi ikiwa safi kabisa! Takwimu nazo hazitatuokoa. Watu 100 wakilielewa swali vibaya kwa namna ile ile leo na wiki ijayo, majibu yao yatalingana vizuri na hojaji itaitwa thabiti. Mwongozo wa Beaton na wenzake wa mwaka wa 2000 unapendekeza hatua ya mwisho ya kuijaribu hojaji kwa watu 30 hadi 40, kila mmoja aulizwe alielewa nini. Hatua hiyo ndiyo ningeipa uzito kuliko zote, kwa sababu ndiyo pekee inayomsikiliza mgonjwa.

Sarufi pia ina kazi hapa. Hojaji asilia inauliza kama mtu anapata "au angepata" ugumu. Kile kiambishi -nge- ndicho kinachomwezesha asiyekimbia kukisia kama angeweza. Mtafsiri akikiacha ili sentensi iwe fupi, amebadilisha swali.

Kwingine Kiswahili kinatufaa ajabu. "Mguu" wetu huanzia pajani hadi vidoleni, na ndicho hasa hojaji inachotaka. Lakini utamkuta mtaalamu akiandika "kiungo cha chini" ati ndiyo istilahi. Mwulize mama mzee kuhusu kiungo chake cha chini uone atakavyokutazama.

Je, swali la bafu liondolewe? Wapo wanaosema likiguswa, alama zetu hazitalinganishwa na za kwingine. Hoja hiyo ina uzito, ila alama za swali lisiloeleweka hazilinganishwi na chochote. Kuchutama tayari kumo katika hojaji, na kwa anayetumia choo cha shimo swali hilo ni zito kuliko mengine mengi. Kwa hivyo badala ya bafu ningeweka kupanda na kushuka matatu, kisha hojaji nzima ipimwe upya kwa wagonjwa wa vifundo: walioumia juzi, na wale wanaokaribia kurudi kazini.