Misa Luba na Vijana Wetu

“Mwacha mila ni mtumwa,” wazee huwaambia vijana. Neno hili ni la kweli, lakini mara nyingi hutumiwa kama fimbo tu. Kazi ya migodi imekusanya huku watu wa pande zote. Kijana wa Ruashi mwenye baba Muluba na mama Mubemba, asemaye Kiswahili nyumbani na Kifaransa shuleni, ashike mila ipi? Wapenzi wasomaji, na tuitazame kazi ya vijana wa Katanga iitwayo Misa Luba, tuone inatufundisha nini.

Misa hii ilizaliwa Kamina. Mwaka 1954 Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianzisha kwaya ya watoto wa shule pamoja na walimu, akaiita Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 waliimba Misa hiyo, wakasafiri Ulaya, wakaimba hata katika maonyesho makubwa ya Brussels.

Uzuri wake u wapi? Si katika ngoma peke yake. Kyrie inafuata kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Basi mwenye dhambi anaomba huruma kwa sauti ya mfiwa. Hiyo ni katekisimu ndani ya wimbo. Tena waimbaji hawakusoma noti. Waliitikiana na kubuni papo hapo juu ya nyimbo walizozijua. Asiye na wimbo moyoni hawezi kubuni hivyo.

Lakini tusifu kwa kiasi. Maneno yalibaki ya Kilatini, kwa kuwa ndivyo sheria ya Misa ilivyokuwa siku zile. Mama wa kijijini aliweza kuitambua sauti bila kuelewa maneno. Baadaye, santuri ilipoenea, nyimbo ziliandikwa kwa noti, na kwaya za ng’ambo zikaziimba kama zilivyoandikwa. Maji ya mto yakawa maji ya chupa. Mwaka 1968 Sanctus yake ilitiwa hata katika filamu ya Uingereza, If...., juu ya wanafunzi waasi. Wimbo ulisafiri mbali. Maana yake ikabaki nyuma.

Kwetu mlango umefunguliwa zaidi. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza muziki wa mataifa upewe heshima katika ibada, na mwaka 1988 Roma ilithibitisha Misale kwa majimbo ya Zaire. Sheria haituzuii tena. Kwaya ikipiga gitaa na kinanda cha umeme, haitendi kosa. Hasara ni kumvika kijana mavazi ya jadi siku ya sikukuu, naye hajui hata wimbo mmoja wa babu na bibi yake. Hayo ni mavazi ya mila, siyo mila.

Basi, wazazi, waimbieni watoto nyimbo za kubembeleza, za kilio na za mavuno, mkiwaeleza maana yake. Nanyi vijana, waulizeni wazee wangali hai, kisha mzitungie maneno ya sala kwa Kiswahili chenu. Hapo mtoto wa Muluba na Mubemba hatakuwa mtumwa: atakuwa mrithi wa nyumba mbili, na wote wawili, baba na mama, watasikia sauti yao mbele ya altare.