Saloni zetu: viti vya miaka ya 50 na viti vya kontena

Pa Butembo na pa Beni, neno saloni halitaji chumba. Linataja viti. Mtu akisema amenunua saloni, tunajua ya kwamba ameleta kanape moja kubwa, foteyi mbili ama nne na meza ndogo ya katikati. Chumba chenyewe kilikuwako mbele. Ukipita kumsalimia atakuuliza: "Umeona saloni?" Nawe utasifu, kwa adabu, hata kama moyoni unahurumia pesa yake. Safari hii tunataka kujibu bila adabu nyingi.

Wengine watasema kijitabu cha mila si mahali pa kuzungumza habari za foteyi. Tunakataa. Namna watu wanavyoketi ni mila. Katika kyaghanda wazee waliketi kuzunguka moto, kwenye viti vifupi, na kila mmoja aliona uso wa mwenzake. Leo moto haupo na kyaghanda imebaki zaidi kuwa jina, lakini kazi yake haikufa: imehamia saloni. Ni hapo mbuzi wa mahari wanazungumziwa, ni hapo kilio kinapokelewa, ni hapo wajomba wanaketishwa wakija na neno zito. Kwa hiyo kuuliza ni viti gani vinafaa kuwamo si kuuliza bei peke yake.

Tukizunguka mitaani mwetu tunakuta saloni za aina mbili. Ya kwanza ni ile vijana wanaita "ya wakati ya Babeleji". Ndugu msomaji anaijua, labda iko kwa babu yake ao kwa mapadri: foteyi ya mbao nyekundu, miguu minne membamba inayotanuka kidogo kwenda nje na kuchongoka chini, mikono iliyo wazi ambayo mtu anaweza kupitisha mkono wake katikati, mgongo umelala nyuma kidogo, na mito miwili inayotoka ili ifuliwe. Hakuna mapambo. Pambo ni mbao yenyewe na verni yake. Ya pili ni saloni ya kontena: nene, imeshuka mpaka sakafuni, imevikwa skayi ama veluru, ina vifungo vya rangi ya zahabu, na mbao haionekani hata mahali pamoja. "Hii saloni njo ya leo," anakuambia mwenye nyumba, "ile ingine ni ya bazee ba pansiyo."

Tuanze na hiyo "ya Babeleji", maana jina hilo linaficha mambo.

Ni kweli mtindo huo ulifika kwetu na wazungu wa migodi na wa mashamba: watu wa Minière des Grands Lacs waliokuwa Butembo tangu mwisho wa miaka ya 20, wakulima wa kahawa na wa piretri upande wa Lubero, maajenti wa serikali. Lakini haukuwa wa Wabelgiji peke yao. Baada ya vita ya 1940-1945 Ulaya ilikuwa imeharibika, nyumba zilikuwa ndogo, watu walitaka vitu vyepesi na vya bei ya chini. Kule Denmark maseremala na wachoraji kama Hans Wegner na Finn Juhl walichonga viti vya mbao tupu vyenye mistari myembamba. Kule Marekani, Charles na Ray Eames walikunja tripleksi, hiyo hiyo tripleksi tunayoidharau hapa kwetu, wakaifanya viti ambavyo leo vinawekwa katika majumba ya makumbusho. Ubelgiji nao ulionyesha ladha yake mpya mwaka wa 1958, katika maonyesho makubwa ya Brussels, chini ya ile Atomium inayosimama mpaka leo.

Na hapa lazima tuseme kitu kingine cha maonyesho hayo hayo. Katika sehemu ya Kongo kulijengwa kijiji, wakawekwa ndani yake watu wetu ili watazamwe wakifanya kazi zao. Watazamaji waliwafanyia matusi, na watu hao wakaamua kurudi nyumbani mbele ya maonyesho kuisha. Kwa hiyo, mtu akituambia: "Hiyo kiti ni ya mukoloni, tuiache ikwende naye", hatumcheki. Ana sababu.

Lakini tumuulize: kiti hicho nani alikitengeneza? Kupandisha kanape toka Anvers mpaka Kivu kulikuwa mzigo wa gharama na wa taabu, na seremala alikuwa karibu. Mapadri wa Assomption walifika huku mwaka wa 1929, na kama katika misioni nyingi za Kongo, kujenga misioni kulikwenda pamoja na kufundisha vijana kazi za mikono, useremala ukiwamo. Mzungu alionyesha picha ya katalogi. Kijana aliitazama, akapima kwa macho, akaingia katika mbao. Hakuwa na teki kama ile ya Denmark. Alikuwa na libuyu na mvule, mbao za msitu wa huku Beni na Mambasa, nzito zaidi, na kwa hiyo akaongeza unene wa mguu kidogo na kuweka kipande cha kushikanisha miguu chini. Ukiziweka foteyi hizi kando ya picha za Ulaya unaona tofauti mara moja. Picha ilitoka kwingine, kiti ni cha huku. Tukikiita "ya Babeleji" tunampa mwenye nyumba sifa iliyo ya seremala.

Na mbao nayo ilisafiri. Jules Wabbes, mmoja wa wachoraji wakubwa wa samani pale Brussels wakati huo, alijulikana juu ya meza zake za wenge, mti mweusi unaomea katika misitu ya bonde la Kongo. Wao walipenda mbao yetu bila kuificha. Sisi tunaifunika na skayi.

Sasa tuhakiki saloni ya kontena, tena kwa haki. Iko na sababu zake. Wachuuzi wa Butembo walipofungua njia za Dubai, Jakarta na Guangzhou, wakapitisha kontena Mombasa, Kampala mpaka Kasindi, walifanya kazi ambayo serikali haikuifanya: walileta pikipiki, mabati, vitambaa, dawa, wakati barabara za nchi zilikuwa zimekufa. Kanape kubwa ilikuja katika mzigo huo huo, na kununua kanape hiyo ilikuwa namna ya kusema: nimefika. Hatuwezi kulaumu mtu kutaka kuonyesha jasho lake. Tunachouliza ni kama kitu chenyewe kinafanya kazi yake.

Hakiifanyi. Beni iko kati ya meta 1,100 na 1,200, na saa nane ya mchana jua linapiga bati. Keti juu ya skayi saa hiyo, na suruali nyepesi, halafu simama: utasikia sauti. Bibi arusi mwenye nguo nzuri anajua tunachosema. Butembo iko kilomita 54 tu kusini, lakini imepita meta 1,700, na asubuhi skayi hiyo hiyo ni barafu. Mgeni anaketi kwenye ncha kama kuku. Foteyi ya mbao yenye mikono wazi inapitisha hewa kule, na mto wa kitambaa unashika joto huku. Tena, saloni nene inakula chumba. Nyumba nyingi za kwetu ziko na chumba cha mbele cha meta nne kwa nne, pengine kidogo zaidi. Ukiingiza kanape ya kontena na foteyi zake, magoti ya wageni yanagongana na meza, na mtoto anayeleta chai lazima apite kwa ubavu. Viti vya miguu vinaacha sakafu ionekane, mwanga unapita chini, ufagio unapita pia. Chini ya kanape iliyoshuka sakafuni, panya wanazaa. Mama wa nyumba wanajua zaidi yetu.

Na baada ya miaka mitatu ao mine skayi inapasuka kwenye mkono, musi inazama, na ndani unagundua mbao laini na vikuku vya chuma vilivyopigwa na mashine. Hakuna fundi anayekubali kuirudilia. Foteyi ya libuyu ya mwaka wa 1955, ukiifungua, kole imechoka lakini ulimi na tundu vingali vinashikana. Unapiga randa, unaweka kole mpya, inarudi kazini.

Kitu kinachotuuma zaidi kiko barabarani. Simama siku moja kwenye njia ya Kasindi: malori yanashuka na mbao za libuyu na mvule kwenda mpaka wa Mpondwe, kisha Ndeeba pale Kampala, zingine mpaka Nairobi. Malori yanayopanda yanaleta viti. Mbao inatoka kama mbao, bila randa, bila kazi ya mtu hata mmoja wa huku zaidi ya yule aliyeipasua msituni. Basi tunanunua viti vilivyofichwa mbao, na mbao yetu tunaitoa uchi.

Mambo kama haya yametokea kwa wengine. Mwaka wa 1951 Mfaransa Jean Prouvé alituma Brazzaville nyumba za chuma na aluminiamu, zilizofanywa kwa ajili ya nchi za joto. Watu walikaa ndani, miaka ikapita, zikaonekana takataka. Karibu na mwaka wa 2000 zilifunguliwa na kupelekwa Ulaya. Mwezi wa 6 wa 2007 moja iliuzwa New York, kwa Christie's, karibu dola milioni 5. Kule Chandigarh, India, viti vya ofisi vya teki vilivyochorwa na Pierre Jeanneret vilirundikwa nje kama kuni, wachuuzi wa mbali wakavichukua kwa bei ya kuni, na leo kiti kimoja kinauzwa Ulaya kwa maelfu ya dola. Hatusemi foteyi ya Butembo ni ya Prouvé. Tunasema tu ya kwamba asiyejua alicho nacho hupangiwa bei na mwingine.

Kwa msomaji anayetaka kununua, basi, neno la kazi. Usiangalie verni, verni inadanganya. Pindua kiti. Ukiona chini misumari mingi na vipande vya pembe tatu vilivyopigiliwa, kiti hicho kimeungwa haraka. Ukiona ulimi wa mbao umeingia katika tundu lake, na kigingi kidogo kinakipitia, tia pesa mfukoni tayari. Inua kwa mkono mmoja: libuyu ni nzito, mkalitusi uliopakwa rangi nyekundu unaonekana kwa nyuzi zake. Halafu weka ukucha kando ya kiungo kuona kama pameachana. Maseremala wengi wa barabarani wanafanya kazi na mbao mbichi, kwa sababu mbao inapasuliwa leo na kuuzwa kesho, na mteja hakubali kungoja. Kiti cha mbao mbichi kitalia ndani ya miezi sita. Kosa hilo si la seremala peke yake; ni la sisi tunaotaka kila kitu mbele ya siku ya arusi.

Kuna pingamizi moja hatuwezi kulipita. Tangu mwezi wa 10 wa 2014, watu wa teritwari ya Beni wameuawa vijijini mwao, upande wa Oicha, Eringeti, Mbau na kwingine kwingi, na jamaa nyingi zimekimbia, tena zaidi ya mara moja. Mtu anayekimbia habebi foteyi ya libuyu. Anabeba godoro, sufuria, mtoto, pengine kiti kimoja cha plastiki juu ya kichwa. Kumwambia huyo asifu miguu iliyochongoka ni kumtukana. Hata msitu wenyewe, mahali mbao inatoka, umekuwa mahali pa kufa kwa wanaopasua. Tunaandika kwa wale ambao bado wana ukuta na mlango, tukijua hivyo. Lakini tumeona pia jambo hili: jamaa iliyokimbia ikapata chumba mjini, kitu cha kwanza inachotafuta baada ya chakula ni kiti cha kumketisha mgeni. Plastiki inafanya kazi hiyo, na hatutaicheka.

Tusifiche kasoro za kiti cha zamani. Kiko chini mno kwa mzee mwenye magoti. Kusimama ni mpaka apewe mkono. Miguu inayotanuka inakamata vidole vya wapitao. Hakina nafasi ya kulala mgeni wa ghafla, na kwetu mgeni wa ghafla haishi kuja. Na vile vitambaa vya kroshe ambavyo mama zetu walijifunza katika foyer sosyal na kuvitandika kwenye kila mgongo, hatujui kama mchoraji wa Denmark angevikubali. Sisi tunavikubali. Vinalinda mto na mafuta ya kichwa, na bila wao saloni ya mbao ni kavu kama ofisi ya teritwari.

Kwa hiyo anayetaka saloni mpya ya namna hiyo asipeleke kwa seremala picha ya telefone. Apeleke kiti chenyewe, akiombe kwa babu ama kwa parokia kwa siku mbili, fundi akipime, akifungue mguu mmoja aone ulimi wake. Aongeze sentimeta tano kwenye kimo juu ya magoti ya wazee. Alipe mbao kwanza, miezi mitatu mbele, ikauke kivulini, na fundi aandike tarehe kwa kalamu kwenye kila ubao, ili mtu asiichukue kwa kitanda cha mwingine.