Heko, Mkutubi wa Bukoba

Wenye maduka ya vitabu hujaza vya mitihani. Siwalaumu, kodi ya pango hailipwi kwa riwaya. Ndiyo maana nampongeza mkutubi, mrithi wa kazi iliyoanzishwa kwa sheria ya maktaba ya 1963. Mwanafunzi wa Muleba akishuka kwenye daladala mjini Bukoba kutafuta Rosa Mistika ya Kezilahabi, riwaya ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, mkutubi hodari hamwachi aondoke na hiyo tu. Humtajia Shaaban Robert aliyejiandika mwenyewe katika Maisha Yangu, kisha historia ya ufalme wa Karagwe ya Israel Katoke, ya 1975, ili ajue watawala waliokuwa jirani kabisa na kwao. Mimi ningemwongezea riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo ya Ziwa Victoria hilihili, aliiandika kwa Kikerewe kufikia 1945. Tafsiri ya Kiswahili ikachapwa 1980. Ni nene, na ndoa, uganga, pombe na kilimo vyote vimo. Mwanafunzi asiogope unene wake. Mkutubi atamwongezea siku za kuiazima.