Ndimi za Viumbe katika “Mary Poppins”

Wengi humjua yaya Mary Poppins kwa sinema ya Walt Disney ya mwaka 1964, nayo ilimlainisha mno. Yaya wa kitabuni, aliyetungwa na P. L. Travers, mzaliwa wa Australia, katika mwaka 1934, ni mkali, mwenye kujiona, apendaye kujitazama katika vioo vya maduka ya London. Huletwa na upepo wa mashariki. Ukivuma wa magharibi, huenda zake.

Ukali huo si pambo, ndio ulinzi wa maajabu yake. Mtambaji wa Kiswahili huanza kwa “Paukwa”, akajibiwa “Pakawa”, na wasikilizaji wakajua kwamba wamevuka mpaka. Travers hakuweka mpaka wa namna hiyo. Usiku watoto Jane na Michael wamwona yaya akitukuzwa na wanyama katika bustani yao. Asubuhi wakiuliza, hukasirika na kukana. Ila kiunoni amevaa mkanda wa ngozi ya nyoka. Ulimi wakana, mkanda washuhudia, na msomaji huachwa aamue mwenyewe. Mwandishi hafifu angaliongeza maelezo, akaiua hadithi.

Katika usiku ule ule nyoka, bwana wa wanyama wote, hufundisha kwamba ndege, mnyama, jiwe na nyota ni wa asili moja. Usemi wake ni wa kifalme. Kwa hivyo yashangaza kwamba katika sura ya dira, ambamo yaya huwazungusha watoto pande nne za dunia, mama mweusi wa kusini mwenye mtoto mapajani alipewa lugha ya kuchekesha, mwigo wa usemi wa watu weusi wa Marekani kama walivyodhihakiwa jukwaani. Nyoka asema kama mwenye hekima, binadamu abwabwaja! Hilo ni kosa la adabu, na ni kosa la sanaa vilevile, maana lavunja kanuni ya kitabu chenyewe.

Katika toleo la mwaka 1981 Travers aliwaondoa watu wote wa sura ile, akaweka dubu mweupe, kasuku mkubwa, panda na pomboo. Tusi limetoka. Lakini mama yule alirekebishiwa usemi kwanza, katika toleo lililotangulia. Mwishowe aliondolewa, na kiti chake akapewa ndege.