Ua Mrefu, Barabara Ndefu

Ukiuliza watu wa nje wanajua nini kuhusu kisiwa cha Madura huko Indonesia, utaletewa vitu viwili: mafahali wa mbio na mundu. Mafahali, kwa sababu kila mwaka mavuno yakiisha watalii hufika kuwapiga picha. Mundu, kwa sababu ya carok, ugomvi wa heshima unaoishia kwa mtu kukatwakatwa. Kisiwa chenye urefu wa kilomita kama 160, ng'ambo tu ya jiji la Surabaya, chenye watu karibu milioni nne, kimefupishwa hadi ng'ombe na chuma. Ndiyo maana kitabu cha Kuntowijoyo bado kinafaa kusomwa. Yeye anauliza kwanza habari za udongo.

Kuntowijoyo alikuwa mtu wa kazi mbili. Alifundisha historia Yogyakarta, na aliandika riwaya na mashairi hadi alipofariki mwaka 2005. Mwaka 1980 alimaliza tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, kuhusu mabadiliko ya jamii ya wakulima wa Madura kati ya 1850 na 1940. Baadaye ikatoka kama kitabu kwa Kiindonesia. Mimi sikumaliza chuo, kwa hivyo hakuna mhadhiri aliyenilazimisha kusoma tasnifu ya mtu. Niliendelea kwa sababu mwandishi huyu anajua kwamba kabla ya kueleza mila za mkulima, lazima ueleze anakula nini.

Hoja yake ni hii. Sehemu kubwa ya Java hulima mpunga wa maji. Maji hayo si ya mtu mmoja. Mfereji ukipita kwako lazima ufike kwa jirani, na ukiuziba kijiji kizima kitakujia. Basi watu hukaa pamoja na kijiji kinakuwa na nguvu. Madura ni chokaa na mashamba makavu. Mvua ikikata, hakuna mfereji wa kugombania. Watu hupanda mahindi na mihogo, kila familia hukaa karibu na kipande chake, na makazi yametawanyika. Kutokana na hapo, anasema, kila kaya ilijitegemea, na kilichowaunganisha watu ni dini: masheikh, vyuo vya Kurani, mikusanyiko ya ibada. Ongeza watawala wa kienyeji waliodai chao, kisha Waholanzi waliohodhi biashara ya chumvi, utaelewa kwa nini watu walivuka bahari. Sensa ya mwaka 1930 ilikuta Wamadura walio nje ya kisiwa ni wengi kuliko waliobaki.

Uzuri wa hoja hii ni kwamba inaua uvivu. Kuna watu wanaokwambia Wamadura ni wakali kwa asili, ati iko kwenye damu. Kuntowijoyo anakurudisha shambani. Hebu angalia mawe haya, angalia mvua hii, halafu tuongee.

Lakini kuna mahali namsimamisha. Ukipima kijiji cha Madura kwa rula ya Java, lazima utakiona kimelegea. Swali si kwamba watu hawa hawakuwa na umoja. Swali ni umoja wao ulikaa wapi. Jibu liko kwenye ua.

Wenyewe huuita tanean lanjhang, yaani ua mrefu. Nyumba zimepangwa mstari mmoja, nyuso zote kusini. Upande wa magharibi, kibla kilipo, kuna kijumba cha swala, na hapo ndipo wageni wa kiume hukaribishwa na wavulana hulala. Nyumba ya wakubwa iko karibu nacho. Ng'ambo ya ua kuna majiko na zizi la ng'ombe. Binti akiolewa haondoki. Wazazi humjengea nyumba, mstari unazidi kurefuka kuelekea mashariki. Anayehama ni mume. Shamba anaweza kurithi mwana wa kiume pia, lakini nyumba ni ya binti. Ndoa ikivunjika, mwanamume ndiye anayebeba nguo zake.

Sasa soma upya habari za safari ukiwa umesimama kwenye ua huo. Tumezoea kusema ukame unamfukuza mtu, anaenda kutafuta. Ni kweli, lakini ni nusu. Mwanamume wa kijiji hiki amezoea kuhama kabla hajaona meli. Akiwa mtoto analala kwenye kijumba cha swala, akioa anahamia kwa kina mkewe. Safari yake ya kwanza huenda ni ya dakika kumi kwa miguu. Akienda Surabaya kununua vyuma chakavu, au Jakarta kuuza mishikaki na kukesha kwenye kiduka kisichofungwa saa 24, hajaacha mali nyuma kwa maana tunayoifikiria. Anaijenga, na inasimama kwenye ua wa mke au wa binti yake.

Ndiyo maana kurudi kuna jina lake. Huitwa toron, kushuka. Idd-ul-Adha ikikaribia watu hushuka kwa maelfu, zamani kwa kivuko, na tangu mwaka 2009 kwa daraja la Suramadu lenye urefu wa kilomita 5.4, pikipiki zimebeba mke, mtoto na mizigo. Msomaji aliyewahi kupanda basi la kwenda ushago Desemba atalielewa hilo bila kuelezwa. Mtu hushuka kuonekana, na pia kuona kama paa alilotumia pesa limepigwa bati au vigae.

Haya si mapambo. Februari 2001, Sampit, Kalimantan ya Kati, Wamadura waliuawa kwa mamia na wengine kwa maelfu wakafukuzwa. Wengi walipelekwa Madura. Serikali na magazeti walisema wanarudi nyumbani. Nyumbani wapi? Wengi walizaliwa Kalimantan. Babu alikuwa ametoka kisiwani kama mume, akitoka kwenye ua ambao hata kwake haukuwa wake. Mjukuu akifika na mkoba mmoja, anasimama mbele ya mstari wa nyumba ambao kila mlango una binti mwenye jina. Watu wanaweza kumhurumia, kumpikia, kumpa mkeka kwenye kijumba cha swala. Nyumba ni hadithi nyingine. Anayejua habari za ukame tu atashangaa kwa nini watu hawa waliteseka hata kati ya Wamadura wenzao. Anayejua habari za ua hatashangaa.

Kitabu cha Kuntowijoyo kinaishia mwaka 1940, kwa hivyo simdai Sampit. Ninachodai ni kwa sisi tunaokisoma leo: tusikitumie kana kwamba udongo ulimaliza maneno. Kisome pamoja na washairi wa kisiwa chenyewe. D. Zawawi Imron wa Batang-Batang, Sumenep, aliipa diwani yake ya mwaka 1986 jina Celurit Emas, yaani mundu wa dhahabu. Kwa jina tu amekichukua kile chuma ambacho wageni wanakiogopa na kukirudisha mkononi mwa mtu anayekata majani ya ng'ombe. Msomi alieleza kwa nini majani ni machache. Mshairi anakumbuka nani anayakata. Bado namngoja mwandishi wa riwaya atakayekaa na yule binti mwenye nyumba, akimsubiri mumewe ashuke, na kutuandikia yeye anafikiri nini kuhusu safari zote hizi zinazofanywa kwa jina la paa lake.