Zuia Pumzi

Mlangoni walituomba tusimsimulie mtu. Ndiyo desturi ya onyesho la awali: mnaingia bure, mnaiona picha kabla ya mji mzima, kisha mnafunga midomo. Tulikuwa watatu, marafiki wa siku nyingi, kila mmoja na bisi zake, na picha yenyewe ilikuwa ya mizimu na vichekesho. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya kioo mbio mbio, kama daladala iliyokwisha kujaa. Mbele yetu simu zikawaka, moja, mbili, tano. Watu walicheka kabla mzaha haujafika na wakaguna kabla mzimu haujatokea. Nilitoka nimebeba siri ambayo hakuna mtu angehangaika kuniuliza.

Njiani kuelekea kwenye gari nikamkumbuka mtafsiri wa kibanda umiza cha kwetu Manzese.

Alikaa juu ya kreti ya soda kando ya deki ya video, kipaza sauti mkono wa kulia, mkono wa kushoto haubanduki kwenye kitufe cha sauti. Magunia yalifunika madirisha, mabenchi yalijaa, na joto la mabati lilitushukia utosini. Kichina cha picha zile hakukijua hata neno moja. Alilala na mkanda usiku mmoja kabla, akaujua kama njia ya kwenda kisimani, na kesho yake akatuongoza humo gizani.

Nimesikia picha nyingi kinywani mwake, ila iliyonikaa ni Mr. Vampire, ya Hong Kong, ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Ricky Lau. Humo maiti hazitembei. Zinaruka kwa miguu miwili pamoja, mikono imenyooshwa mbele, zimevaa joho la maofisa wa zamani. Ukizibandika karatasi ya njano kwenye paji la uso, zinaganda. Mtafsiri hakupoteza muda kutueleza ni karatasi gani. “Hirizi hiyo,” alisema, na kibanda kizima kikaelewa. Mganga mwenye nyusi zilizoungana, aliyechezwa na Lam Ching-ying, tulimpa heshima zote za mzee wa mtaa. Lam aliwahi kufanya kazi na Bruce Lee, na alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 44, lakini kwetu alibaki Babu Nyusi.

Kuna mahali mwanafunzi wake mmoja anajeruhiwa na maiti, na dawa ni mchele wa kunata. Mwenzake anatumwa dukani. Muuzaji, kwa tamaa, anauchanganya na mchele wa kawaida. Mtafsiri akaruka juu ya kreti: “Jamani, amempimia mchele wa Kyela juu, chini takataka!” Mama mmoja wa benchi la nyuma, mwenyewe muuza mchele, akamjibu kwa ukali kwamba si wote wako hivyo. Kibanda kikavunjika mbavu. Miaka mingi baadaye niliiona picha ile kwa utulivu nikakuta udanganyifu wa mchele umo kweli, sikuongezewa chumvi. Nilichokikosa ni yule mama.

Lakini ufundi wake mkubwa haukuwa kusema. Katika picha ile maiti hawaoni. Wanamtambua mtu aliye hai kwa pumzi yake. Basi karatasi zinapeperuka, maiti anamsogelea kijana, pua kwa pua, na kijana hana la kufanya ila kuzuia pumzi. Hapo mtafsiri alikizungusha kile kitufe mpaka sauti ya picha ikafa. Akakishusha kipaza sauti mapajani. Akajaza mashavu hewa, akatugeukia, kidole mdomoni. Watoto, watu wazima, mwuza kashata mlangoni, sote tukajaza mashavu. Nilisikia mabati yakilia kwa jua. Macho yalinitoka, kifua kikaanza kunidunda, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba nikipumua nitaumwa shingo. Kisha mtu mmoja, sitamtaja japo tulikuwa benchi moja, akajamba.

Tulicheka hadi mwenye kibanda akaingia kuuliza nani amekufa. Na mtafsiri, fundi yule, hakutia neno. Alitungoja tuishiwe na kicheko ndipo akairudisha sauti, taratibu, kutoka mbali, na woga ukarudi nayo.

Kazi hiyo ina ukoo. Wajapani walikuwa na wasimulizi wao waliosimama kando ya filamu bubu, wakiitwa benshi. Hapa Tanzania Lufufu, yaani Derek Mukandala, alilifanya jina lake kuwa sababu tosha ya kukodi mkanda. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana wasimulizi wao wanaoitwa VJ, na VJ Emmie anasikika hadi ndani ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010. Siku hizi tafsiri unatiliwa kwenye flashi, unaondoka nazo mfukoni. Nyingine ni nzuri. Nyingi husema tangu mwanzo hadi mwisho bila kumeza mate, kana kwamba msemaji analipwa kwa neno. Sijasikia hata moja inayothubutu kunyamaza. Na itamnyamazia nani? Aliyeirekodi hakuniona nikijaza mashavu.

Kibanda kile sasa ni duka la vipuri vya pikipiki. Kreti sijui ilikwenda wapi.

Maegeshoni mlinzi alitujia na tochi, buti zake zikipiga sakafu kwa mpigo mmoja, tup, tup. Rafiki yangu, tuliyekua naye mtaa mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, akasimama wima, akajibana pua, akajaza mashavu. Nami nikajaza. Mlinzi akatumulika usoni mmoja mmoja, na hapo tukapasuka kicheko tulichokinyimwa saa mbili nzima kule ndani.

Mwenzetu wa tatu, aliyekulia kwingine, akauliza tunacheka nini. Tukaanza kumsimulia, huyu akidakia kwa yule, mara mchele, mara hirizi, mara kitufe. Alitusikiliza kwa adabu, akatazama saa yake.

“Ikawaje sasa?” akauliza.